Miguu ya Majasusi

Watu wanaotazama tamthilia hudhani kwamba mtu akitembea kwenye televisheni, kishindo wanachosikia ni cha miguu yake mwenyewe. Mungu awabariki. Kishindo kile ni cha mzee mmoja mfupi mwenye kitambi cha kiasi, aliyevaa kaptura ili suruali isije ikachakarisha, amesimama katika chumba kisicho na dirisha juu ya kipande cha vigae kisichozidi upana wa meza, akitembea kwa bidii zote bila kwenda popote. Siku ya kupiga picha, maikrofoni hufukuzia maneno ya waigizaji tu. Mengine yote, toka kikombe kinapowekwa kwenye sahani mpaka kitasa kinapogeuka, hutengenezwa baadaye na watu wa aina yake. Walimwita Vishindo, na kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kusema kwamba jina lile limempwaya.

Hakuwa peke yake. Wanaume wote wa kwenye skrini walikuwa wake. Wanawake, watoto, paka na nguo za kila mtu vilikuwa vya mkewe. Mama Vishindo alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono inayojua kila kitu. Mpe taulo lililolowa na glavu kuukuu, atakupigia ngumi ya shavuni mpaka ujishike taya. Alikuwa na jozi arobaini za viatu vya kike, na zote alizikata kwa nyuma ili mguu wake mkubwa uingie. Mumewe alikuwa haishi kumsifu. Akikaa na watu, hata mazungumzo yawe ya mpira au ya bei ya saruji, atazungushazungusha mpaka afike kwa mkewe na jinsi alivyowahi kutengeneza mvua nzima kwa chumvi na kipande cha nailoni. Wenzake walikuwa wameshaizoea ile mvua, na wengine waliiaga ikianza tu.

Basi mzee huyu alikuwa na siri. Ulikuwa mwaka wa pili sasa, sikio lake la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linachechemea. Fundi wa sauti asiyesikia! Siku aliyokwenda kwa daktari aliaga nyumbani kwamba anakwenda kunyoa, akarudi na nywele zake zote kichwani, akasema kinyozi hakuwepo. Hakuogopa kustaafu, maana mgongo ulikuwa umeshaanza kumlalamikia. Alichoogopa ni kimoja: kwamba siku hilo likijulikana, mkewe ataingia kwenye kile chumba bila yeye, na pale pembeni pake, juu ya vigae, atasimama mwanamume mwingine atembee naye. Wazo hilo lilimchoma kuliko ukiziwi wenyewe.

Kwa hiyo alijifunza ujanja. Kishindo kimetoka kizito au chepesi? Aliangalia mshale wa kipimo cha sauti ukutani. Soli inalia? Aliisikiliza kwa kisigino, kupitia mbao zilizo chini ya vigae. Lakini kuna mahali macho hayasaidii. Mtu anatembea na kamera haimwonyeshi. Huna cha kuangalia, na huna budi kuifuata ile sauti mbovu iliyonaswa siku ya kupiga picha, inayokujia kwenye hedifoni. Hapo Vishindo alikuwa mwizi. Mkewe alikuwa na tabia ya kutikisa bega la kulia kwa kila hatua, kidogo tu, kama anayeweka sawa kamba ya mkoba. Mzee aliling'ang'ania bega lile kwa jicho la pembeni, likitikisika naye anakanyaga. Alijipongeza kwa werevu huo asubuhi, na jioni aliuonea aibu.

Ndipo ilipokuja ile tamthilia ya majasusi.

Mwongozaji wake alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mnywaji wa chai baridi kwa sababu kila mara aliisahau. Ilikuwa tamthilia yake ya kwanza, na kilichokuwa kinamaliziwa ni kipindi cha kwanza. Ijumaa wakubwa wa kituo cha televisheni wangekaa kukitazama na kuamua kama kuna haja ya cha pili. Hadithi yenyewe ilikuwa tamu. Mume ni mpima ardhi, mke ni daktari wa meno, wameoana miaka tisa, wana mtoto mmoja na bomba la jikoni linalovuja. Kila mmoja ni jasusi na hakuna anayejua ya mwenzake. Mume akipima kiwanja, huku anahesabu walinzi langoni; mke akimng'oa waziri jino, anamng'oa na maneno humo humo. Vishindo na mkewe walipoonyeshwa mara ya kwanza walisahau kwamba wamekuja kazini, wakakalia masanduku ya viatu na kutazama mpaka mwisho bila hata kukohoa.

Dakika nne za mwisho hazikuwa na neno hata moja. Daktari wa meno amerudi nyumbani mapema. Chini ya sinki, nyuma ya ndoo inayokinga maji ya bomba, anakuta pasipoti yenye picha ya mumewe na jina la mtu mwingine. Papo hapo mlango wa mbele unafunguliwa. Kamera haitoki usoni pake. Mume hatumwoni kabisa. Tunamsikia tu anakuja, hatua tisa za koridoni, na katika hizo tisa mke anairudisha pasipoti mahali pake, ananyoosha mgongo, na kutafuta uso wa kumpokelea. Mume anafika mlangoni mwa jikoni, na kipindi kimekwisha.

"Sitaki muziki hapa," mwongozaji aliwaambia. "Muziki utawaambia watu waogope. Mimi nataka waogope wenyewe. Nina miguu yenu tu."

Vishindo alitamani kumkumbatia. Katika miaka yote hiyo alikuwa amekutana na waongozaji wanaomwaga ngoma na vinanda juu ya kazi yake kama watu wanaofunika chakula kilichoungua. Huyu alikuwa anaiacha kazi yao mezani peke yake, kila mtu aione. Jumatatu na Jumanne walifanya kazi kwa raha ambayo hawakuwa wameipata kwa muda mrefu. Bomba linalovuja lilimchukua Mama Vishindo asubuhi nzima, mabakuli manane na sponji tatu, mpaka alipopata tone linalodondoka kwa namna ya kumkera mtu ambaye tayari ana mambo mengine kichwani.

Jumatano walifika kwenye dakika nne za mwisho. Walizirekodi kama walivyozoea, wote wawili kwa pamoja, yeye kwenye vigae vya koridoni na mkewe kwenye vigae vya jikoni. Nyuma ya kioo, katika chumba cha mitambo, alikaa mwongozaji na fundi mitambo, mtu mzima mwenye kipara na maneno machache. Walipomaliza, Vishindo alifuta jasho akasubiri sifa. Mwongozaji akatoka, akasimama katikati ya viatu, kikombe chake mkononi.

"Mzee, mama, sijui hata niseme vipi."

"Sema tu, mwanangu," alisema Mama Vishindo.

"Wanapendana."

"Nani?"

"Hawa wenye miguu. Mke amegundua sasa hivi kwamba analala na mtu asiyemjua. Lakini nikifumba macho nasikia watu wawili wanaorudi sokoni pamoja mwaka wa thelathini huu. Anageuka, mume naye anageuka. Anasita, mume naye anasita. Mume yuko koridoni, mama! Hamwoni! Amejuaje kwamba mkewe jikoni amesita?"

Vishindo alijua amejuaje. Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Kosa letu hilo," alisema mkewe. "Tumezoeana sana."

"Natamani na mimi nikosee hivyo nikiolewa," alisema mwongozaji, wakacheka kidogo. "Lakini hapa hapana. Mama, utarekodi wako peke yako. Ukimaliza, njoo kwetu nyuma ya kioo, mzee afanye zile tisa zake. Kila mtu na siri yake."

Mzee alijaribu goti, akasema goti lake leo haliko sawa, labda kesho. Mwongozaji akasema kesho wanachanganya sauti, keshokutwa ni Ijumaa. Mzee akamtupia mkewe jicho akitumaini kwamba atapinga, maana mkewe akipinga jambo huwa limekwisha. Mama Vishindo alikuwa anachagua viatu. Hakuinua hata kichwa.

Mkewe akaanza. Vishindo aliketi kwenye kona akamtazama, na pamoja na hofu yake yote alijisahau. Wengine wangekanyaga, wakapapasa, wakavuta pumzi kwa nguvu ili kila mtu ajue kwamba mambo yameharibika. Mama Vishindo alisimama. Katika ile sekunde daktari wa meno anapofungua pasipoti, yeye alihamisha uzito wake kutoka kisigino kwenda vidoleni, basi, wala unyayo haukunyanyuka. Mzee hakusikia chochote. Aliona mshale ukutani ukitetemeka kama unyoya, na nyuma ya kioo alimwona fundi mitambo, aliyesikia kila kitu duniani, akivua hedifoni yake na kumwangalia yule mwanamke. Vishindo akavimba kichwa kana kwamba kazi ni yake.

Kisha mkewe akavua viatu, akapita karibu naye, akatoka. Mlango mzito wa studio ukafungwa.

Mzee akapanda juu ya vigae. Akavaa hedifoni. Mle ndani palikuwa na mngurumo wa friji ya siku ya kupiga picha, na nyuma ya mngurumo, kama mtu anayetembea nyumba ya tatu, pengine palikuwa na miguu. Pengine hapakuwa. Picha ikaanza. Alikanyaga hatua ya kwanza na mke kwenye skrini alikuwa ameshaduwaa zamani. Wakasimamisha.

"Hii hedifoni inasumbua," alisema.

Fundi mitambo akaja na nyingine, hakuuliza kitu. Mara ya pili mzee aliwahi mno. Aliingia jikoni kabla daktari wa meno hajairudisha pasipoti, na tamthilia nzima ikafa pale pale. Mwongozaji akaonekana anauma kalamu. Vishindo alitazama vigae vyake, ambavyo alikuwa amevikanyaga kwa miaka mingi kuliko sakafu ya nyumbani kwake, akaona leo ndiyo mwisho.

Mara ya tatu, picha ilipokuwa inarudishwa nyuma, aliinua macho.

Mama Vishindo alikuwa amesimama nyuma ya viti vya wale wawili, karibu na spika, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwona ila mzee. Alikuwa amemkazia macho. Bega lake la kulia likatikisika. Hakuwa na mkoba, hakuwa na kiatu cha kazi, hakuwa na kazi yoyote pale ya kumtikisa bega. Likatikisika tena, makusudi, kubwa zaidi, kama unavyomwonyesha mtu mlango.

Ikamwingia polepole, na ilipoingia ikaingia yote. Katika miaka ishirini na tisa ya mwanzo mkewe hakuwa na tabia hiyo ya bega. Ilianza mwaka juzi. Mwaka juzi huo huo alisema kigoda chake kinamchosha mgongo, akakihamishia mbele, upande ambao mzee anamwona vizuri. Mwaka juzi huo huo aliacha viatu vyepesi, akaanza kuvaa vile vizito vinavyotetemesha mbao. Alidhani anaiba, kumbe alikuwa anapewa. Aibu ikampanda mpaka masikioni, lile zima kidogo na lile lililokufa. Lakini nyuma ya aibu kukaja kitu kingine kikubwa zaidi, na hakupata jina lake ila mshangao. Huyu mwanamke! Miaka miwili, kila siku ya kazi, mbele ya waongozaji, mafundi na mume mwenyewe, bila kujikwaa hata mara moja! Daktari wa meno na afunge ofisi yake, aje ajifunze ujasusi kwa Mama Vishindo.

Picha ikaanza. Kwenye skrini mlango wa mbele ukafunguliwa. Nyuma ya kioo bega likasema moja, naye akakanyaga. Mbili. Tatu. Alimtazama mkewe moja kwa moja sasa, hakuwa na haja ya jicho la pembeni. Nne, tano. Ilipofika ya sita mguu ukabaki hewani, maana alielewa anakokwenda. Alikuwa anatembea kumwelekea mtu anayemjua mpaka ndani, ambaye amejua siku nyingi na amemngoja. Bega likatikisika peke yake, halafu nalo likatulia. Mzee akaushusha mguu taratibu, kisigino kwanza, kisha vidole. Zile tatu za mwisho hakuzifuata bega wala hedifoni. Alitembea tu, kama mtu mzima anayekwenda kupokelewa na hajui atapokelewaje, na ya tisa hakuikanyaga mpaka mwisho.

Kukawa kimya, au yeye alifikiri ni kimya. Nyuma ya kioo mwongozaji aliinamia maikrofoni yake ya kusemea, midomo ikacheza. Kwenye hedifoni kukapita mvumo wa nyuki, mrefu, kisha ukakatika. Wote wakamwangalia wakisubiri jibu.

Siku nyingine angetikisa kichwa na kusema "sawa kabisa", na lililosemwa angelitafuta baadaye usoni kwa mkewe. Akamgeukia. Mama Vishindo alikuwa ameweka mikono yote miwili nyuma. Bega lilikuwa limetulia kama ukuta. Uso wake ulikuwa mpole, hauna ukali wowote, lakini haukumwambia kitu. Alikuwa amemfikisha mlangoni, kilichobaki kilikuwa cha mzee mwenyewe.

Aliwaza goti. Aliwaza hedifoni ya tatu. Kisha akapiga moyo konde, akaivua ile aliyonayo.

"Sijasikia," alisema.

Hakujua ametoa sauti ndogo au kubwa, kwa hiyo akasema tena. "Sijasikia ulichosema, mwanangu. Na zile mbili za mwanzo hedifoni haikuwa na kosa. Sikio la kushoto limekufa, la kulia liko njiani. Miaka miwili sasa. Kwenye hizi za koridoni nimekuwa namwangalia mke wangu bega. Kama kazi ni nzuri, ni yake."

Mwongozaji alitoka chumba cha mitambo bila kikombe. Akaja akasimama mbele yake, karibu, akasema polepole huku akimtazama machoni.

"Nilichosema ni hivi: hiyo usiiguse tena. Hiyo ndiyo."

"Lakini nilisimama. Ya sita nilisimama."

"Nimeona. Mke kwenye skrini anavuta pumzi pale pale uliposimama, mzee. Toka tupige picha nimekuwa nikijiuliza ile pumzi ni ya nini, sasa nimejua." Akasugua paji la uso. "Kwenye maandishi yangu mume hajui kwamba mkewe ameshajua. Sasa anajua. Anajua, na bado anaingia jikoni. Umenibadilishia hadithi yangu, imekuwa nzuri kuliko nilivyoiandika, na kusema kweli nimechukia kidogo."

"Na kazi?" mzee aliuliza. Ilimtoka kavu. "Mimi na yeye."

Fundi mitambo alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kipara. "Taa," alisema. "Nitamfungia taa ndogo chini ya skrini, iwake kila hatua. Kazi ya nusu saa."

"Umesi—" alianza mwongozaji, akauma midomo.

"Nimemwona midomo," alisema Vishindo. "Taa. Nusu saa. Akisema yeye nusu saa, ni saa mbili."

Hata fundi mitambo alicheka, jambo ambalo halikuwa limeonekana mle ndani tangu paka wa jengo alale juu ya mashine ya kurekodia. Mwongozaji akasema Ijumaa wakubwa wakikubali, anawataka wote wawili kwa vipindi vyote vitakavyofuata. Wasipokubali, basi wote hawana kazi na hakuna atakayemcheka mwenzake.

Walitoka saa tisa alasiri, jua bado kali, barabara imejaa magari na watu wanaorudi makwao. Vishindo alikuwa na swali lake mdomoni kama kokwa ambalo hajui aliteme wapi.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunikubalia kila kitu," alisema mkewe, akimgeukia ili aone.

"Kila kitu gani?"

"Unadhani yale mapazia ya zambarau yaliingiaje nyumbani kwetu?"

"Nilisema ndiyo?"

"Mara mbili. Ya pili ukaniambia ni wazo zuri."

Akatikisa kichwa akajicheka. Kisha kicheko kikaisha. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha," alisema. "Nakujua. Ungeacha siku hiyo hiyo kwa aibu, ungeniambia ni mgongo. Nikaona ukiweza kunificha, na mimi naweza kukuficha."

Lori likapita. Aliona midomo ya mkewe ikiendelea, maneno matatu au manne hivi, ametazama mbele, upande wake wa kushoto. Lori likaenda zake, na mkewe alikuwa amekwisha kusema. Kichwa cha mzee kilikuwa kimeshaanza kukubali chenyewe, kwa mazoea. Akakizuia. Akasimama katikati ya njia, watu wakampita huku na huku.

"Pita huku kulia," alisema. "Hilo la mwisho sijalipata, na nalitaka."

Mama Vishindo akamzunguka, akapita upande wa kulia, akainama kidogo kwa sababu ya urefu wake.

"Nimesema, leo umetembea vizuri."